Mjumbe wa Nyumba Tisa Tupu

Jamhuri Tulivu ya Tulizana haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo msomaji asijisumbue kuitafuta. Akiona humu kitu kinafanana na cha kwao, ajue ni macho tu yamechoka. Ni nchi njema. Ina mlima mmoja, maziwa mawili na wizara arobaini na tatu, na nyingi kati yake zina kazi.

Mwaka ule Rais wa Tulizana alialikwa karamu ng'ambo. Baada ya sahani ya tatu alisimama, akajifuta mdomo, akaahidi kwamba Tulizana itapeleka askari kulinda amani katika nchi ya Gelanda, iliyokuwa ikigombana na jirani yake kwa ajili ya kisiwa chenye kondoo kumi na wanne. Watu wakapiga makofi. Askari kumi na wawili wakapakiwa ndegeni kwa matarumbeta. Ndege ikiwa bado angani, wale majirani wakagawana kondoo saba kwa saba, wakapeana mikono, vita vikaisha.

Ikulu ikatafakari. Kuwarudisha askari lilikuwa jambo jepesi, ila hotuba ya kuwaaga ilishachapwa kitabu chenye jalada gumu. Basi wakaachwa hukohuko waendelee kuilinda amani, isije ikatoroka.

Kati ya hao kumi na wawili alikuwemo Sajini Pazi Mwinjuma, mrefu, mpole, mtu anayeweza kubeba magunia mawili ya saruji lakini akipewa fomu moja mgongo unapinda. Alipoondoka, mkewe Sikudhani alikuwa na mimba ya miezi saba. Sasa binti yao, Mwahija, alikuwa anatambaa, na baba yake alimjua kwa kikohozi tu, kwenye simu.

Gelanda ni nchi ya baridi. Baridi yake si ya kuvaa sweta, ni ya kukaa chini na kuandika wosia. Wenyeji waliwapa askari wa Tulizana chumba cha kufulia nguo katika kambi ya zamani, kwa wiki mbili tu, wakisubiri posho ya pango itoke kwao. Wiki ya hamsini na moja ilikuwa inaingia. Walilala kumi na wawili kati ya mashine zilizokufa na mabomba yanayokohoa, wakati askari wa nchi nyingine walipanga nyumba mjini, wake zao wananunua samaki sokoni, watoto wao wanapanda basi la shule.

Wageni waliruhusiwa kuleta familia, mradi tu askari aonyeshe karatasi ya nyumba. Ruhusa ya Sikudhani na Mwahija ilishatoka, na mwisho wake ulikuwa siku ya mwisho ya mwezi wa tatu. Ikipita hapo, utaratibu wa Gelanda unataka kuomba upya, na kuomba upya kunachukua miaka mitatu. Sajini alipiga hesabu ile kwa vidole mara nyingi, na kila mara jibu lilikuwa moja: mtoto atakapomkuta baba yake atakuwa tayari anajua kusoma na kuandika, na atamwita mjomba.

* * *

Nyumba aliipata mwezi wa kumi na mbili. Ilikuwa ya Bi Helka, mjane wa fundi saa: vyumba viwili, jiko, na dirisha linalotazama duka la mikate. Bi Helka alimpenda Sajini kwa sababu alivua viatu mlangoni bila kuambiwa.

"Nitakushikia mpaka mwisho wa Januari," akamwambia. "Mlete mtoto. Nyumba hii imezoea kelele za saa, sasa imenyamaza mno."

Sajini akapiga simu nyumbani, Kurugenzi ya Makazi ya Askari Walio Mbali na Makazi. Akapokea Koplo Mfaume, karani wa fomu.

"Koplo, mimi Sajini Pazi, niko Gelanda. Nimepata nyumba."

"Hongera sana, afande. Choo kiko wapi?"

"Choo?"

"Choo, afande. Kiko ndani au nje?"

"Ndani. Huku vyote viko ndani, bwana. Nje ni theluji mpaka kiunoni."

Zikasikika karatasi zikifunuliwa polepole, kama mtu anayechambua mboga asiyokuwa na haraka nayo.

"Hapo pana kasoro. Choo cha ndani kinaanzia Meja. Daraja la sajini ni choo cha nje, jiko la nje, na uzio wa kuzuia mbuzi wa jirani. Sikupanga mimi, afande. Imeandikwa."

"Huku hakuna mbuzi."

"Hakuna mbuzi, au hakuna uzio? Maana hivyo ni vipengele viwili."

"Koplo, mimi ni mkubwa wako!"

"Huko kwenye theluji ni mkubwa wangu. Hapa mezani jenerali ni mimi. Haya, usikasirike, tutatafuta njia. Andika kwa mkono kwamba choo hicho utakuwa unakitumia kwa niaba ya Meja yeyote atakayeteuliwa baadaye."

Sajini akaandika. Ni barua ambayo hakumwonyesha mtu, hata Koplo Masunzu aliyelala kitanda cha pili yake na aliyekuwa hafichwi kitu.

"Vizuri sana," akasema Mfaume wiki iliyofuata. "Imebaki barua ya mjumbe."

* * *

Hapa inafaa kueleza. Katika Tulizana mtu hahesabiwi kuwa yupo mpaka mjumbe wa nyumba kumi aseme kwamba yupo. Ukitaka kuoa, barua ya mjumbe. Ukitaka kuvuta umeme, barua ya mjumbe. Ukifa bila barua ya mjumbe, ndugu zako watakulilia lakini serikali haitaungana nao. Mjumbe huandika barua hiyo kwenye karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mwanawe, anapulizia muhuri pumzi ya moto, anagonga. Tangu hapo unaishi.

Gelanda haina wajumbe. Sajini akaeleza hivyo kwenye simu, taratibu, kwa sauti ya mtu anayemtuliza ng'ombe.

"Haina?" akauliza Mfaume. "Sasa wao wanajuaje nani anakaa wapi?"

"Mtu anasema mwenyewe."

"Halafu anaaminiwa?"

"Eeh."

"Maskini," akasema Mfaume kwa huruma ya kweli.

Bi Helka akajitolea kuandika barua. Ikarudishwa: haina muhuri. Sajini akaenda mpaka kwa Meya wa mji, mzee mwenye mkufu wa dhahabu shingoni, akampigia saluti na kumwomba barua. Meya akaiandika kwa wino wa buluu na kuigonga muhuri wa mji, mkubwa kama mandazi. Ikarudishwa pia.

"Meya ni mkubwa mno, afande," akaeleza Mfaume. "Mtu wa cheo hicho atajuaje wewe unalala wapi? Tunataka mtu mdogo. Mtu anayejua nani kagombana na mkewe, nani kafulia, nani kaficha wageni. Huyo ndiye shahidi."

Lakini Kurugenzi haikulala. Suala lilipelekwa kwa Mkurugenzi, Brigedia Heshima Lukwaro, aliyekuwa amestaafu mara mbili na kurudishwa mara tatu. Brigedia akaitisha kikao cha siku saba kwenye hoteli ya ufukweni mwa ziwa, maana mambo ya makazi yanahitaji utulivu na samaki. Mfaume alikuwapo kuandika kumbukumbu, na alimsomea Sajini hotuba ya kufungia kwa simu, huku akipumzika pale palipokuwa na makofi.

"Ndugu wajumbe wa kikao," alisema Brigedia, "nimesikia watu wakisema askari wetu hawana nyumba. Huo ni upotoshaji. Askari wetu nyumba wanaziona, wanapita mbele yake kila siku. Wanachokosa ni mjumbe! Nchi inajiita imeendelea, ina treni za chini kwa chini, lakini haina hata mzee mmoja wa kujua nani kalala kwa nani. Tutawaacha hivyohivyo? Hapana. Tulizana haijawahi kuwatupa maskini. Tutawapelekea mjumbe!"

"Hapo walisimama wote, afande," akasema Mfaume. "Mpaka wapishi."

* * *

Mjumbe alifika mwisho wa Januari. Aliitwa Mzee Dongwe, kaka wa mke wa Brigedia, mtu mfupi mwenye tumbo la heshima, aliyevaa makoti matatu na juu yake moja la mvua. Alikuja na mkewe, watoto wanne, mpwa wa kusaidia kazi, na muhuri aliouning'iniza shingoni kwa uzi kama hirizi.

Sajini alikwenda kumpokea akiwa amekunjua moyo. Alimbebea masanduku matano mpaka kwenye teksi. Siku ya pili akafua sare yake, akachukua fomu, akaenda kwa Bi Helka amwambie mambo yameiva. Mlango ukafunguliwa na mtoto aliyemwona jana yake kati ya masanduku, anakula mkate wenye asali. Nyuma yake, kwenye kiti cha marehemu fundi saa, alikaa Mzee Dongwe, miguu ndani ya beseni la maji ya moto.

Bi Helka akamvuta Sajini pembeni. Macho yalikuwa mekundu.

"Walileta kodi ya mwaka mzima kutoka serikali yako. Nikamuuliza yule mzee, 'Wewe ni nani?' Akasema, 'Nimeletwa huku kwa ajili ya Sajini Pazi.' Nikadhani ni baba yako."

"Hakukudanganya," akasema Sajini. "Ameletwa kwa ajili yangu."

Akaingia, akavua viatu, akasimama wima mbele ya beseni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Nyumba nzuri hii, ila dirisha dogo."

"Mzee, hii ndiyo nyumba niliyokuwa naombea barua."

"Ndiyo maana nimeichukua," akasema Mzee Dongwe kwa upole. "Mjumbe lazima akae mtaa uleule. Mimi nimepewa daraja la kanali, choo cha ndani hakina maneno kwangu."

"Na barua yako wewe aliandika nani?"

"Mjumbe anajiandikia. Nani mwingine anamjua?" Akatingisha vidole vya miguu majini. "Na hata hiyo fomu yako siwezi kuigonga. Muhuri ninao, nyumba kumi sina. Ninayo moja, hii ninayokaa."

"Kuna kile chumba chetu cha kufulia..."

"Kile si nyumba, mwanangu. Kile ni mashine zenye paa. Mimi ni mjumbe wa nyumba kumi. Nikigonga muhuri nikiwa na nyumba moja, huo ni utapeli, na mimi nimelelewa kwenye dini."

Kurugenzi ilipopata taarifa hiyo ilisikitika sana, ikachukua hatua siku hiyohiyo, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Ikapanga nyumba tisa, zote Mtaa wa Misonobari, zote za vyumba vitatu. Moja ya mjumbe, tisa za serikali: kumi.

"Mungu mkubwa!" akasema Koplo Masunzu, akaruka kitandani mpaka kichwa kikagonga bomba. "Nyumba tisa! Tukibanana kidogo tunaenea wote, na wake zetu."

Simu ya Mfaume ikaingia kabla Masunzu hajamaliza kukunja blanketi.

"Msiingie, afande. Nyumba ya serikali haikaliwi kabla ya kuzinduliwa."

"Zitazinduliwa lini?"

"Brigedia akipata nafasi."

"Akishazindua tunaingia?"

"Hapana. Mkiingia, zitakuwa nyumba zenu. Zile ni za kumwezesha mjumbe awe mjumbe. Ila zina vitu vya thamani ndani, mapazia na nini, na mabomba yasigande lazima ziwashwe moto mchana kutwa. Kwa hiyo zinahitaji ulinzi. Askari tisa. Wewe umepangiwa namba tano."

* * *

Sajini Pazi akawa anailinda nyumba namba tano. Alifika kila asubuhi baada ya chai, akaizunguka mpaka jioni. Kwa dirisha aliona kochi la kijani, meza yenye viti sita, na kitanda cha mtoto kilichoachwa na wapangaji wa zamani, chenye ndege wa mbao waliokuwa wakizunguka polepole kwa lile joto. Alipochoka kuangalia ndege alikwenda upande wa jikoni, na alipochoka jikoni alirudi kwa ndege.

Februari ikiwa katikati alikwenda tena kwa Mzee Dongwe na fomu yake. Safari hii nyumba zilikuwa kumi, hakuna mtu wa kubisha.

"Sawa kabisa," akasema mzee, akapulizia muhuri pumzi ya moto. Sajini akaona ule muhuri unashuka, unashuka, halafu unasita. "Unakaa nyumba ipi katika kumi zangu?"

"Sikai hata moja, mzee. Nalinda namba tano."

"Mlinzi si mkazi."

"Ninaomba barua ili niwe mkazi."

"Mkazi wa wapi sasa?"

"Ningekuwa wa hapa ulipo wewe."

"Hapa pana mtu," akasema Mzee Dongwe, akaurudisha muhuri kifuani.

Si kwamba mzee alikuwa mvivu. Kila Jumamosi aliitisha mkutano wa nyumba kumi. Alikaa peke yake sebuleni, akasoma ajenda kwa sauti, akauliza kama kuna mwenye hoja, akasubiri, akaandika kwamba wakazi wote walikubaliana kwa kauli moja. Halafu akampeleka mpwa wake Mtaa wa Misonobari kuchangisha mchango wa ulinzi. Nyumba zilikuwa tupu, kwa hiyo wakatoa walinzi.

Jioni ile Sikudhani alipiga simu. Yeye hakuwa mpole.

"Baba Mwahija, hebu nieleze taratibu, maana nimekaa chini kabisa. Serikali imepanga nyumba tisa huko?"

"Eeh."

"Zina joto?"

"Mpaka vioo vinatoka jasho."

"Ndani yumo nani?"

"Hamna mtu."

"Na wewe uko wapi?"

"Nje."

Akasikia mwanawe anagonga sufuria kwa kijiko.

"Nje ya nyumba yenye joto isiyokuwa na mtu."

"Naizunguka, mama."

"Mwanaume mzima na masharubu yake, anaizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia! Hivi hao wakubwa zenu wamezaliwa, au walikutwa ndani ya faili?"

"Usiseme hivyo kwenye simu."

"Nasema! Leo nimekwenda hapo Kurugenzi na mtoto mgongoni. Huyo Mfaume wako kaniuliza kama nina barua ya mjumbe kuthibitisha kwamba mume wangu hayupo. Nikamwambia njoo ulale kwangu uthibitishe mwenyewe. Kakimbia kwenda kunywa chai." Akavuta pumzi. Sauti ikashuka. "Baba Mwahija, mwanao kasimama leo. Kashika kiti, kasimama, kaangalia mlango. Sijui nani kamwambia kwamba mlangoni ndiko wanakoingilia watu."

Sajini aligeukia ukuta wa chumba cha kufulia, na Koplo Masunzu, ambaye si mtu wa adabu sana, akajifanya amelala.

* * *

Mwezi wa tatu ulianza. Siku moja, saa nne asubuhi, akatokea Mtaa wa Misonobari mtu mwembamba mwenye kofia ya sufu na daftari: Bwana Otso, wa Baraza la Mji. Alisimama akaitazama nyumba namba tano, akamtazama Sajini, akaitazama tena nyumba.

"Samahani," akasema. "Hapa anakaa nani?"

"Hakai mtu."

"Na pale?"

"Hakai mtu. Zote tisa hakai mtu."

"Lakini zimewashwa moto mwezi mzima sasa."

"Ili mabomba yasigande."

"Na wewe unafanya nini hapa?"

"Nazuia watu wasiingie."

Bwana Otso akakuna kofia. Alikuwa mtu wa kazi yake, amezoea wanaoiba umeme na wanaofuga nguruwe bafuni, lakini hili lilimpita.

"Kwani, kuna watu wanaotaka kuingia?"

"Mimi," akasema Sajini. Ilimtoka tu. Halafu, kwa kuwa ilishatoka, akaisindikiza: chumba cha kufulia, mashine zilizokufa, mke, mtoto aliyeshika kiti akasimama, siku ya mwisho ya mwezi wa tatu. Lugha ya Gelanda ina maneno marefu kama treni, na hakuyajua yote. Mengine alionyesha kwa mikono.

Bwana Otso alisikiliza mpaka mwisho. Ikawa ni zamu yake kueleza. Gelanda wana sheria ya zamani, ya enzi za njaa: nyumba isiyolaliwa na mtu kwa siku thelathini wakati wa baridi, baraza linaichukua na kumpa asiye na pa kulala, na aliyeilipia ataendelea kuilipia, iwe adabu yake.

"Wewe huna pa kulala," akasema, akaanza kuandika.

Sajini akashtuka. Mwaka mzima na zaidi ulikuwa umemfundisha.

"Hutaki barua?"

"Ya nini?"

"Ya kuthibitisha kwamba sina pa kulala."

Bwana Otso akamtazama. Theluji ilikuwa imekaa mabegani mwa Sajini kama nyota za cheo asichokuwa nacho, na ndevu zimeshikana.

"Nimekuona," akasema Bwana Otso, akachana karatasi yenye jina la Sajini na nyumba namba tano, akampa.

Sajini aliishika karatasi ile kwa mikono miwili. Haikuwa na muhuri. Aliigeuza nyuma kutafuta. Haikuwa nao kabisa.

* * *

Brigedia Heshima Lukwaro alifika tarehe ishirini na saba kuzindua, akiwa na msafara wa watu kumi na sita na utepe wa mita arobaini. Alikuta askari wake wameshapewa nyumba sita, na tatu wamepewa wazee wa Gelanda waliokuwa wakilala stesheni. Mapazia yamefunguliwa. Kwenye uzio wa namba mbili zilianikwa soksi za Koplo Masunzu.

Wadogo wote wakasubiri radi. Lakini watu wasiomjua Brigedia ndio wanaodhani cheo chake alipewa hivihivi. Alitazama soksi kwa muda, akatoa karatasi ya hotuba, akaipindua upande mweupe.

"Ndugu zangu! Mnaona wenyewe. Walisema Tulizana haiwapi askari wake nyumba. Leo imewapa askari wake nyumba, na ikabaki, ikawapa na wenyeji! Ni nchi ngapi zilizoendelea zinaweza hayo?"

Utepe ukakatwa kwenye uzio, karibu na soksi. Wiki hiyohiyo redio ya taifa ikatangaza kwamba Brigedia atavishwa nishani ya Makazi Bora, daraja la pili, kwa kuwa la kwanza alishalichukua mwaka ambao kambi ya kusini iliungua. Mzee Dongwe alipandishwa kuwa mjumbe wa nyumba ishirini, na timu ikaundwa kumtafutia kumi nyingine.

Sajini akapiga saluti. "Afande, naomba kuuliza. Sasa ulinzi tumeacha?"

Brigedia akaomba amri isomwe. Mfaume, aliyekuja kushika faili, akaisoma kwa sauti: askari mhusika atailinda nyumba tajwa dhidi ya mtu yeyote atakayetaka kukaa humo, mpaka Waziri aliyesaini atakapofuta mwenyewe kwa mkono wake.

"Na Waziri yuko wapi?"

"Ziara," akasema Mfaume. "Hatukuambiwa ya wapi."

"Basi ulinzi unaendelea," akasema Brigedia. "Amri ni amri, Sajini. Ukishaanza kuchagua ya kutii, kesho utachagua ya kufikiri."

* * *

Sikudhani na Mwahija walitua tarehe ishirini na tisa, zikiwa zimebaki siku mbili. Ndege ilichelewa na Sajini alikuwa zamu, kwa hiyo Bi Helka ndiye aliyekwenda kuwapokea, na akawashusha mlangoni kwa teksi. Sajini alisimama wima kando ya ngazi, bunduki begani. Sikudhani akapita mbele yake na mtoto aliyefungwa mablanketi mpaka amebaki macho. Mtoto akamtazama yule mtu mrefu. Akakohoa. Kilikuwa kile kikohozi.

"Karibuni," akasema Sajini.

Sikudhani aliingia, akatua mizigo, akazunguka vyumba vyote vitatu, akafungua bomba, akafunga bomba, akaliona kochi la kijani na kitanda chenye ndege. Akarudi mlangoni. Mumewe alikuwa palepale.

"Ingia basi."

"Siwezi, mama. Niko lindoni."

"Unalinda nini?"

"Nyumba."

"Dhidi ya nani?"

Sajini akatoa nakala ya amri mfukoni, akasoma kwa aibu: "Dhidi ya mtu yeyote atakayetaka kukaa humo."

Sikudhani akaifikiria amri ile kwa makini, kama mtu anayekagua nyanya sokoni. Chini, mtoto alikuwa ameshika fremu ya mlango. Amesimama.

"Basi umeshashindwa, Pazi," akasema. "Tumeshakaa. Adui amekuzidi, wawili kwa mmoja, na mmoja ana meno manne tu. Vua viatu."

Mwahija akaiachia fremu. Akapiga hatua moja, ya pili ikawa ya kuanguka, na Sajini akamdaka kabla hajafika kizingitini. Ilibidi aingie ndani kwa kufanya hivyo, na alipokuwa ameshaingia mlango ukafungwa nyuma yake, wala hakuufunga yeye.

Asubuhi ya pili alijaza daftari la lindo kama sheria inavyotaka, na nakala ikapelekwa Kurugenzi, ambako Koplo Mfaume aliigonga "Imepokelewa" bila kuisoma na kuiweka kwenye faili lake:

"Nyumba namba tano. Mabomba hayajaganda. Mapazia yote yapo. Adui yumo ndani tangu jana, hana mpango wa kutoka, anasonga ugali. Mlinzi ametekwa. Hali ni shwari."